Mtandao wa simu ndani ya ndege: huduma nzuri yenye tangazo pungufu

Katika safari ya saa saba niliyoifanya hivi karibuni, shirika lililonisafirisha lilikuwa na mtandao wa simu wa ndani ya ndege, na kwa kuwa kazi yangu ni mawasiliano ya redio, niliipima huduma hiyo kwanza kwa upande wa usalama, kisha kwa upande wa abiria.

Wengi hudhani kwamba kuruhusu simu angani ni kulegeza masharti, lakini huduma hii hufanya kinyume chake. Simu isiyowekwa katika hali ya ndege huendelea kutafuta mtandao, na kadiri mnara unavyokuwa mbali ndivyo inavyoongeza nguvu ya mawimbi yake. Simu ya kizazi cha pili (2G) huweza kufikia wati 2 katika megahezi 900, au wati 1 katika megahezi 1800. Marubani wanaujua vizuri mkwaruzo wa kukatakata unaoingia katika vipokea sauti vyao simu ya namna hiyo inapokuwa karibu, pengine wakati uleule wanaposikiliza maelekezo ya mwongoza ndege. Dawa iliyotumika hapa ni kuweka kituo kidogo cha mtandao ndani ya ndege yenyewe, chenye antena ya waya mrefu unaopita juu ya dari, hivyo simu iliyo mita chache tu kutoka kwenye mtandao wake huamriwa kushuka hadi miliwati 1, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya wati. Kifaa kingine hutoa kelele hafifu ya redio inayoyafunika mawimbi ya minara ya ardhini, ili simu zisiyasikie wala kuyahangaikia. Nakiri kwamba usanifu huu unanifurahisha sana.

Ujumbe mfupi ulikwenda na kurudi bila shida. Mazungumzo yalichosha, kwa sababu sauti hupitia setilaiti iliyo takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta, na jibu la mwenzako huchelewa kwa zaidi ya nusu sekunde, hata mkajikuta mnakatizana.

Kasoro kubwa niliiona wakati wa kushuka. Kanuni za Ulaya za mwaka 2008 zinataka mtandao wa aina hii utumike juu ya mita 3,000 tu, na huduma yetu nayo ilizimwa mapema, kama inavyostahili. Hata hivyo, wahudumu waliotutangazia kwa furaha kwamba mtandao umewashwa hawakututangazia kwamba umezimwa, wala hawakutukumbusha kurudisha simu katika hali ya ndege. Jirani yangu aliiacha yake wazi. Kituo cha ndani kikishanyamaza, simu kama hiyo huanza tena kutafuta minara kwa nguvu zake zote, na hufanya hivyo wakati wa kutua, ambapo rubani huvitegemea zaidi vyombo vyake, kikiwemo kipimakimo cha redio, yaani kifaa kinachopima urefu wa ndege kutoka ardhini, kinachofanya kazi kati ya megahezi 4200 na 4400. (Mawimbi ya 5G yanayotoka ardhini na kukaribia masafa hayo ni suala jingine, linalotatuliwa kwa vichujio na kwa kupunguza nguvu za minara iliyo karibu na viwanja, huduma hii haipaswi kulaumiwa kwa hilo.)

Kwa ujumbe mfupi ningeitumia tena bila kusita. Nimeliandikia shirika hilo kuomba jambo moja: tangazo la kuzimwa kwa mtandao litolewe kabla haujazimwa, na wahudumu wapite kukagua simu kama wanavyokagua mikanda.