Katiba ya mfukoni: gundi mbovu, Ibara ya 46 nzito

Nakala hii ya Katiba ya Tanzania ya 1977 niliinunua kwa muuza vitabu wa barabarani kule Posta, kwa kuwa inaenea mfuko wa shati. Gundi ni ya mashaka. Kurasa za katikati zimeshaanza kuachia. Maandishi nayo madogo, baba anayasoma kwa miwani na tochi ya simu.

Ila Ibara ya 46 peke yake inarudisha hela yangu. Rais akiwa madarakani hashitakiwi kwa kosa lolote la jinai. Kwa mambo yake binafsi unaweza kumdai mahakamani, lakini umpe taarifa ya maandishi siku 30 kabla. Akishatoka Ikulu, alilolifanya kama Rais halimpeleki kizimbani, labda awe aling'olewa na Bunge kwa Ibara ya 46A. Binafsi, hiki kipengele cha baada ya kustaafu naona kimezidi. Wakenya, kwenye Ibara ya 143 ya Katiba yao ya 2010, waliacha mwanya kwa makosa ambayo mikataba ya kimataifa haiyapi kinga.

Nyota tatu. Toleo lijalo litiwe faharasa na lishonwe kwa uzi.