Mbio za kilomita 5 za kila wiki: kufyatuka mapema au kushika mwendo mmoja?

Kufyatuka kuna kishawishi chake: miguu ni myepesi, wenzako wanakupita, nawe unaenda nao. Anayelenga dakika 30 anahitaji dakika 6 kwa kila kilomita. Akimaliza ya kwanza kwa 5:20, anadhani ameweka akiba ya sekunde 40. Lakini misuli imeshadai oksijeni kuliko inayoingia. Kwenye kilomita ya tatu mabega yanapanda, hatua zinafupika, pumzi inakatika. Zile nne zilizobaki zikimgharimu 6:30 kila moja, anafika kwa 31:20.

Mwendo mmoja unadai subira, hasa dakika chache za mwanzo. Anza kwa 6:05, shika 6:00 kwa kilomita tatu, malizia kwa 5:55: dakika 30 kamili, na utawapita wengi njiani. Joshua Cheptegei wa Uganda alipoweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Monaco mwaka 2020, dakika 12:35.36, alishika karibu kasi ileile mzunguko baada ya mzunguko.

Mimi nachagua mwendo mmoja bila kusita. Kufyatuka nakuachia wiki ambayo muda haukuhusu, ukitaka tu kujua mwili unavumilia kiasi gani.

Kasi yenyewe ijenge katikati ya wiki: mita 400 mara sita kwa mwendo unaoulenga, ukitembea kidogo kila baada ya moja. Siku nyingine kimbia polepole kiasi cha kuweza kuongea.