API Freshwater Master Test Kit: inafaa kwa akwaponiki inayoanza?

Kisanduku hiki cha kupimia maji kimetengenezwa kwa ajili ya wafugaji wa samaki wa mapambo, wala si kwa mkulima anayefuga sato na kuotesha mchicha kwa maji yale yale. Hata hivyo, kwa mtu anayeanzisha mfumo huo wa samaki na mboga, yaani akwaponiki, hapa pwani, naona kinastahili kununuliwa, mradi ajue mapema ni kitu gani hakimo. Ndani yake mna chupa za matone za kupimia pH (kiwango cha uasidi wa maji) ya kawaida, pH ya juu, amonia, nitriti na nitrati, pamoja na testitubu za kioo na kadi ya rangi.

Kupima pH ni kazi nyepesi: unajaza testitubu maji mililita 5, unadondosha matone 3, unaifunika na kuipindua mara kadhaa, kisha unalinganisha rangi na kadi, ambapo manjano ni 6.0 na buluu iliyokolea ni 7.6. Tatizo ni kwamba chupa hiyo haivuki 7.6, kwa hiyo maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe yatatoa buluu ile ile yawe na pH ya 7.6 au 8.4. Ukiona buluu, usiridhike. Chukua chupa ya pili, ya matone 5, inayopima kuanzia 7.4 hadi 8.8. Rangi zake, za hudhurungi kuelekea zambarau, zimekaribiana mno, na chini ya taa ya nyumbani mimi siwezi kutofautisha 8.0 na 8.2. Nje kivulini, mchana, kadi ikiwa nyuma ya testitubu, husomeka vizuri zaidi.

Tofauti hiyo ya pH si ndogo. Chupa za amonia hupima amonia yote kwa jumla, ilhali sumu kali kwa samaki ni ile sehemu iliyo katika hali ya gesi, na ukubwa wa sehemu hiyo huamuliwa na pH na joto la maji. Maji yakiwa na nyuzijoto 28 na pH ya 7, sehemu hiyo haifiki asilimia 1. pH ikiwa 8, hukaribia asilimia 7. Katika wiki za mwanzo, bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati wanapokuwa bado hawajaenea, kusoma amonia bila kusoma pH ni nusu ya kazi.

Kasoro kubwa ya kisanduku ni kukosa kipimo cha ugumu wa kaboneti, ambao wafugaji huuita KH. Mtu humimina asidi, jioni anakuta pH imeshuka hadi 7, na kesho yake imerudi ilipokuwa, akadhani kipimo ni kibovu. Kipimo hakina kosa: kaboneti iliyomo kwenye maji, au kokoto za matumbawe alizojaza kwenye kitalu cha mimea, ndizo zinazoirudisha. Kokoto hizo hujulikana kwa kudondoshewa siki, kwani zenye chokaa hutoa povu papo hapo. Mtengenezaji huyo huyo, API, huuza chupa ya KH kando. Unahesabu matone mpaka buluu igeuke manjano, na kila tone ni takribani miligramu 17.9 kwa lita. Ningeinunua kabla ya kemikali yoyote ya kushusha pH.

Mimea hupenda pH ya 5.5 hadi 6.5, bakteria 7 hadi 8, na sato ni mvumilivu, ndiyo maana wengi hulenga karibu na 7. James Rakocy, mtafiti wa akwaponiki katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, aliishikilia pH kwenye 7.0 kwa kupokezanisha haidroksidi ya kalsiamu na ya potasiamu, kwa sababu pH ya mfumo uliokomaa hushuka yenyewe kadiri bakteria wanavyogeuza amonia kuwa nitrati. Magadi pia hupandisha pH, lakini sodiamu yake hujikusanya na kudhuru mboga. Kwa kushusha, epuka ndimu, kwani asidi yake hudhoofisha bakteria wale wale unaowasubiri. Asidi inayofaa itiwe kwenye tangi la akiba, ipimwe, ndipo maji yaingizwe kwa samaki kidogo kidogo.

Chupa ya pili ya nitrati itikiswe kwa nguvu nusu dakika kabla ya kudondosha, la sivyo itaonyesha kiwango cha chini kuliko kilichopo.