Uzoefu wangu na seti ya fimbo ya kuvulia ya kuchomoa, Moshi na Nyumba ya Mungu

Wakuu, nimeulizwa sana kuhusu hizi seti za fimbo za kuvulia za kuchomoa zinazouzwa mtandaoni, kama zinafaa kwa maji yetu ya huku au ni mapambo tu. Mi ninayo na nimeitumia vya kutosha kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu na kwenye mabwawa ya watu ya kufugia samaki huku chini Moshi, so naeleza nilichokiona. Kwa kifupi fimbo na rili (kile kifaa cha kuzungushia mshipi) viko vizuri kwa hela yake, ila vingine vyote vilivyomo kwenye mfuko viweke pembeni ununue vya kwako.

Yangu nilichukua kwa sh 65,000 kwa muuzaji wa Dar, akaipakia kwenye basi nikaipokea stendi Moshi. Ni fimbo ya mita 2.1, unaichomoa kama eriali ya redio, ukiikunja inaingia kwenye begi la mgongoni na hapo ndo raha yake, maana unapanda daladala au bodaboda nayo bila kumchoma mtu jicho. Ina rili ndogo yenye mshipi tayari, na kuna kamfuko kenye maboya, risasi (vile vipande vizito vya kuzamishia chambo), ndoano na visamaki vya plastiki vya rangi rangi.

Visamaki vya plastiki nianze navyo ili tuachane navyo. Vimetengenezwa kwa ajili ya samaki wanaokimbiza samaki wenzao, na perege wetu hali hivyo, yeye ni wa majani na uchafu uchafu wa kwenye maji na vidudu, utavuta hicho kiplastiki mpaka mkono ufe ganzi. Watoto wachezee.

Fimbo yenyewe ni imara kuliko nilivyotegemea. Kuna namna ya kuifungua ambayo kwenye boksi haijaandikwa: anza kuchomoa kutoka nchani kuja chini, panga zile pete zikae mstari mmoja halafu kila kiungo zungusha kidogo tu kikaze, usivute kwa nguvu. Barabara ya kutoka Kifaru kwenda Lang'ata ina vumbi mnaijua, lile vumbi likiingia kwenye viungo fimbo inagoma kurudi, na hapo wengi wanaivunja kwa kuivuta. We isuuze kwa maji safi, shika juu na chini ya kiungo, zungusha taratibu huku unasukuma, inarudi yenyewe. Lawama yangu kwenye fimbo ni moja, pete ya nchani ina duara dogo jeupe la ndani ambalo mshipi unapita juu yake, la kwangu lililegea likatoka kabla fimbo haijazeeka, mshipi ukawa unasuguana na chuma na unachunika. Nilimtumia muuzaji picha akasoma akanyamaza. Nimebandika kwa gundi linashika mpaka leo, lakini ukipokea yako likague palepale stendi kabla hujasaini mzigo.

Rili nimeipenda, hasa breki yake. Ni kile kitufe cha kuzungusha kwa mbele, kinaamua samaki akivuta mshipi utoke kirahisi au kwa shida, na watu wengi wanakikaza mpaka mwisho wakidhani ndo nguvu. Hapana, vuta mshipi kwa mkono, ukitoka kwa kulazimisha kidogo basi iko sawa. Kambale mkubwa akishika anageuka na kukimbilia matopeni, breki ikiwa imekaza mshipi unakatika pwaa na ndoano anaondoka nayo, breki ikiwa sawa unamsikia anavuta krrrr anachoka unamrudisha mdogo mdogo.

Mshipi wa kwenye seti ni mnene na unajikunja kunja kama ulivyokaa kwenye rili, boya halitulii. Niliutoa wote nikaweka nailoni ya milimita 0.25 kwa perege. Ukienda kwa kambale weka 0.40, yeye hajali unene.

Sasa ndoano, na hapa ndo hela ya watu wengi inapotelea. Zilizokuja ni kubwa mno. Siku ya kwanza bwawani mzee mmoja anayevua kwa fito na uzi mfupi aliikamata ndoano yangu akaigeuza geuza, akaniambia, "Mwanangu, hii mdomo wa perege hauiwezi, atakulia ugali wako mpaka uishe." Na kweli, perege mdomo wake ni mdogo, anataka namba 8 mpaka 12, na kwenye ndoano namba ikipanda ndoano inapungua, yaani 12 ni ndogo kuliko 8. Zikishapita namba 1 ndo zinaanza za kuandikwa 1/0, 2/0 na kuendelea, hizo zinakua, na kambale ndo wa huko. Nilipobadilisha tu kwenda namba 10, fimbo ileile, mahali palepale, nikaanza kuvua.

Chambo mi napika ugali mgumu wa dona, maji machache, naukanda ukiwa wa moto na unga wa ngano kidogo mpaka unanata, halafu nabandika kitonge saizi ya punje ya harage, kikifunika ncha ya ndoano tu basi. Ukiwa mlaini unayeyuka kabla haujafika chini. Asubuhi mapema minyoo inashinda ugali, na minyoo mizuri mnaijua iko wapi, nenda kihambani chimba pembeni ya mfereji chini ya migomba au kwenye samadi iliyopoa, weka kwenye kopo na udongo wake, usiiache juani. Kwenye mabwawa ya kufugia sato wamezoea chakula cha vidonge, so loweka vidonge hivyohivyo uchanganye kwenye ugali, wanakuja wenyewe. Pia tupa mashudu kidogo majini kabla hujaanza, kidogo tu, ukiwashibisha hawana haja na ndoano yako.

Boya liangalie vizuri, seti ina maboya mazuri hapo nawapa haki yao, membamba na yana rangi nyekundu juu. Weka risasi mpaka boya libaki limetokeza ncha tu. Perege hazamishi boya kwa fujo, analigusa gusa, linatetemeka, kisha ghafla linatembea pembeni au linalala, hapo ndo unyanyue, sio ule mtetemeko wa kwanza. Ukiona limezama moja kwa moja bila salamu huyo ni kambale.

Kambale ni wa jioni na usiku, anatafuta kwa harufu na zile ndevu zake, boya toa, weka risasi nzito chambo kilale chini. Utumbo wa kuku kutoka kwa wachinjaji sokoni unatosha, ukiwa umeanza kunuka ni bora zaidi, wengine wanatumia kipande cha sabuni ya kufulia na wanavua kweli. Hapo ndo fimbo ya rili inapolipa, maana unarusha mbali, mtu wa fito hafiki huko. Ukimtoa shika nyuma ya kichwa, mapezi yake ya pembeni yana mwiba unaochoma vibaya, na usidhani amekufa kwa sababu yuko nchi kavu muda mrefu, anavuta hewa ya kawaida huyo, ukimwacha kwenye majani mabichi anakutoroka.

Kuhusu sehemu, Nyumba ya Mungu sio bwawa la mtu binafsi, lilijengwa miaka ya 1960 linakusanya maji ya mito ya Ruvu na Kikuletwa na chini yake kuna mtambo wa umeme wa megawati 8, uvuvi wake unasimamiwa na kuna vipindi linafungwa ili samaki wazaliane. Uvuvi unaongozwa na sheria namba 22 ya mwaka 2003, so kabla hujatupa ndoano ongea na afisa uvuvi au viongozi wa mwalo (pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi) wakuelekeze habari ya leseni, wanaongea vizuri tu ukienda kwa heshima. Mamba wapo, usisimame ndani ya maji eti unarusha mbali. Na kwenye maji yaliyotuama vaa buti za mpira, kichocho kipo ukanda huu na hakipigi hodi. Jambo jingine naomba tulizingatie jamani, perege jike anatunza mayai na watoto mdomoni, ukimtoa ukaona mdomo umejaa mrudishe polepole, bwawa lile limechoka na ndo hilohilo watoto wetu watavua.

Watu wa Arusha mnaokwenda Duluti, pale ni msitu wa hifadhi kuna kiingilio, ulizeni getini kuhusu kuvua kabla hamjafungua fimbo.

Kwa hiyo ninunue au nisinunue? Kama unataka perege tu, na unakaa kandokando ya bwawa la mtu anayekupimia kwa kilo ulichovua, usitoe sh 65,000, tafuta fito nzuri ya mwanzi ya mita tatu, mshipi urefu huohuo, ndoano namba 10, hutamuonea wivu mtu. Kama unataka na kambale, au unasafiri na vifaa, chukua hii seti na utenge kama sh 15,000 nyingine ya mshipi na ndoano. Na mwambie muuzaji akupigie picha ya karibu ya ile pete ya nchani kabla hajaipakia kwenye basi.