Bomba la mvuke linavuja: kuziba au kubadilisha?

Kwanza zima boila, subiri mabomba yapoe kabisa, kisha tazama uvujaji uko wapi. Uvujaji ukiwa kwenye valvu ya radieta (kipasha joto cha chumba), mara nyingi kukaza nati ya shina la valvu au kubadilisha kamba ya kuzibia iliyo chini ya nati hiyo kunatosha. Hapo hakuna haja ya kung'oa bomba.

Tundu kwenye bomba lenyewe ni habari nyingine. Klampu yenye gasketi inayohimili joto la mvuke itakuvusha msimu wa baridi, lakini haitibu kutu. Bomba la kurudisha maji ya mvuke uliopoa kwenye boila ndilo huliwa zaidi: kaboni dioksidi huyeyuka kwenye maji hayo na kuyafanya asidi, na chuma huliwa kutoka ndani, hasa upande wa chini na kwenye hesi (mikato ya kukazia kwenye ncha), ambako unene umeshapungua. Gonga taratibu kwa nyundo ndogo. Mlio mzito uliofifia na magamba ya kutu ni dalili mbaya. Klampu ya pili kwenye bomba lilelile? Badilisha.

Kubadilisha ni kazi zaidi. Kata kipande kibovu hadi kwenye chuma kizima, weka bomba jeusi la chuma (skedyuli 80, yaani lenye ukuta mnene, kwa njia ya kurudi) na funga kwa yunioni, kiungo kinachofunguka katikati, maana huwezi kukaza hesi za ncha zote mbili kwa pamoja. Acha mteremko wa milimita 4 kwa kila mita. Ukikosea, maji yatatuama na mabomba yatagonga kama nyundo. Kihami cha zamani (kifuniko cha kuzuia joto kwenye bomba) kisiguswe kabla ya kupimwa asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu.