Tathmini ya mawakili wa madai ya majeraha ya likizoni

Kampuni ya mawakili niliyoitumia hapa Uingereza kudai fidia, baada ya kuvunjika mkono kwenye ngazi za bwawa la hoteli nchini Hispania, ilinihudumia vizuri kisheria, ingawa mawasiliano yake yalikuwa dhaifu.

Wakili alinieleza tangu mwanzo kwamba, kwa kuwa ndege na hoteli nilizilipia pamoja kama kifurushi kimoja, kanuni za Uingereza za safari za kifurushi za mwaka 2018 zinamwajibisha mwandaaji wa safari hata pale kosa linapokuwa la hoteli, hivyo sikulazimika kufungua kesi ugenini. Alisisitiza pia jambo ambalo wengi hawalijui: hoteli hupimwa kwa viwango vya usalama vya nchi ilipo, na mzigo wa kuthibitisha ni wa mdai. Ndiyo maana alitaka kwanza picha za vigae vilivyolowa bila kibao cha tahadhari, taarifa iliyoandikwa mapokezi, na cheti cha daktari wa kule.

Kwa England na Wales, muda wa kudai kwa kawaida ni miaka 3, lakini kwa ajali ya ndani ya ndege ni 2 tu.

Wakili hulipwa ada ya ushindi mdai akishinda, nayo haizidi asilimia 25 ya fidia, bila kugusa fedha za hasara za baadaye. Hata hivyo, gharama ya bima ya kesi (inayolipia gharama za kesi mdai akishindwa) iliandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho, na kwa mtu mwenye maumivu hilo si haki. Barua pepe zangu nazo zilikaa wiki kadhaa bila kujibiwa. Ningewatumia tena, kwa sharti la kupewa mtu mmoja wa kumpigia simu.