Vijiti vya kupimia mkojo kwa simbilisi: vinunue kwa ajili ya kiraka cha damu

Doa la rangi ya machungwa au nyekundu kwenye matandiko ya simbilisi linaweza kuwa bitiruti aliyokula jana, na linaweza kuwa jiwe linalokwaruza kibofu. Kwa macho matupu mambo hayo mawili yanafanana mno, na hapo ndipo wafugaji wengi hukosea: mmoja anakimbilia dawa zisizohitajika, mwingine anangoja wiki mbili huku mnyama anaumia kimya kimya. Vijiti vya kupimia mkojo, vilevile vinavyotumika kwa binadamu, vyenye viraka kumi vya rangi kwenye utepe wa plastiki, vinaweza kutenganisha damu na rangi ya mimea kwa dakika moja. Tathmini hii inavipima kwa kazi hiyo tu.

Niseme mapema: ni kifaa kizuri, lakini si kwa sababu zilizoandikwa kwenye kasha. Katika viraka kumi, vitatu ndivyo vinavyomsaidia mwenye simbilisi, yaani damu, pH (kipimo cha asidi na alkali) na ketoni (kemikali zinazotokana na mwili kuchoma mafuta). Vingine vilitengenezwa kwa kumfikiria binadamu, ambaye mkojo wake kwa kawaida una asidi kidogo. Mkojo wa simbilisi mzima una alkali, pH yake ni 8 hadi 9, na umejaa chembe za kalsiamu kaboneti. Ndiyo maana huonekana kama maji ya chokaa na huacha unga mweupe ukikauka. Unga laini ni kawaida. Ukisugua kwa kidole ukahisi mchanga, hapo pana tope la kibofu linalohitaji kuangaliwa.

Rangi ya kawaida huanzia manjano hafifu hadi nyeupe yenye ukungu. Baadhi ya rangi zitokazo kwenye mimea hugeuka machungwa, nyekundu au kahawia mkojo ukikaa kwenye hewa, kwa hiyo doa la tangu usiku halitoi ushahidi wowote wa maana. Karoti, bitiruti na kabichi nyekundu zinajulikana kwa hilo. Mnyama asiyekunywa maji ya kutosha hutoa mkojo uliokolea. Maranda ya mbao nayo hubadili rangi yakilowa. Dalili moja ya macho inasaidia kidogo: rangi ya mimea huenea sawasawa katika dimbwi lote, ilhali damu mara nyingi huja kama matone, michirizi au mabonge madogo, pengine mwishoni mwa kukojoa. Inasaidia kidogo tu, kwa sababu damu iliyochanganyika vizuri kibofuni nayo huenea sawasawa.

Sasa kiraka chenyewe. Ndani yake kuna peroksidi na kemikali isiyo na rangi. Himu, sehemu yenye chuma ya himoglobini inayoipa damu wekundu, huchochea peroksidi ioksidishe kemikali hiyo, na kiraka kinatoka manjano kuingia kijani, damu ikizidi kinakuwa kijani kizito chenye ubuluu. Rangi ya bitiruti haifanyi hivyo. Inaweza kupaka kiraka wekundu, lakini ukijani hauji. Madoa madogo ya kijani yaliyotawanyika yanaonyesha chembe nyekundu za damu ambazo bado ni nzima. Ukijani ulioenea kote unaweza kuwa chembe nyingi sana au himoglobini iliyokwisha kutoka kwenye chembe.

Kasoro kubwa ya vijiti hivi kwa simbilisi, na kubwa kwelikweli, ni vitamini C. Simbilisi hawezi kuitengeneza mwilini kama sisi tusivyoweza, kwa hiyo anayetunzwa vizuri hupewa takriban miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, na inayozidi mahitaji hutoka na mkojo. Vitamini C huzuia uoksidishaji uleule ambao kiraka cha damu kinautegemea. Matokeo yake ni kwamba simbilisi anayepewa tembe au matone ya vitamini C anaweza kuwa anavuja damu kidogo na kijiti kikabaki manjano. Mfugaji anapumua, anasema ni karoti. Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko mengine yote, kwa sababu linampata mfugaji anayejali zaidi.

Kwa hiyo usinunue kijiti chochote tu. Tafuta mojawapo ya aina mbili. Ya kwanza ni vijiti ambavyo kiraka chake cha damu kimewekewa iodeti, inayoiharibu vitamini C kabla haijaingilia. Combur-Test za Roche zimetengenezwa hivyo. Ya pili ni vijiti vya viraka 11, ambavyo cha ziada hupima vitamini C yenyewe: hicho kikionyesha kiwango cha juu, jibu la "hakuna damu" halihesabiki. Kijiti kisicho na kinga wala kiraka cha ziada bado kina kazi, ila chukua mkojo asubuhi kabla ya dozi na kabla ya pilipili hoho, ambayo nayo ina vitamini C nyingi. Kuchelewesha dozi kwa saa chache hakumdhuru mnyama. Kuikatiza kwa siku kadhaa ili kupata kipimo kizuri ni kosa: upungufu wa vitamini C wenyewe huleta kutokwa damu na maumivu ya viungo.

Kupata mkojo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Chukua beseni au sanduku la plastiki lenye sakafu laini, lioshe kwa maji ya moto na sabuni, suuza mara tatu, kausha. Usilioshe kwa dawa ya klorini, kwa kuwa mabaki yake huigeuza kemikali ya kiraka na kukupa damu isiyokuwepo. Mweke mnyama humo bila matandiko, na jani la letusi lenye maji, umwache hadi saa moja. Vinyesi viondoe mara vinapodondoka, kwani mabaki ya mimea iliyotafunwa na bakteria wana vimeng'enya vinavyoweza kuigiza damu kwenye kiraka. Akikojoa, vuta mkojo kwa bomba la sindano la mililita 1 lisilo na sindano. Nusu mililita inatosha. Kamwe usimminye tumbo ili akojoe: kama njia imezibwa na jiwe, kibofu kinaweza kupasuka.

Maelekezo ya kasha husema uchovye kijiti. Kwa simbilisi mkojo hautoshi kuchovya, na haina haja. Lenga tone moja kwa kila kiraka, kijiti kikiwa kimelala, ili kemikali za kiraka kimoja zisitiririkie kingine. Lakini kabla ya kudondosha, geuzageuza bomba taratibu mara tano au sita. Chembe za damu huzama pamoja na chokaa, na anayepima maji safi ya juu kwa kudhani anakwepa ukungu anapima sehemu isiyo na damu. Kisha gusisha ukingo wa kijiti kwenye karatasi laini, washa saa. Damu na pH husomwa sekunde ya 60, ketoni mara nyingi sekunde ya 40, ingawa kasha lako ndilo lenye kauli ya mwisho. Rangi inayojitokeza baada ya dakika mbili usiihesabu. Soma kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya manjano, na pima ndani ya saa moja tangu mkojo utoke.

Mkojo uliobaki uache kwenye bomba, umesimama, kwa nusu saa. Ukiona tabaka jekundu chini na manjano juu, hizo ni chembe nzima za damu zimezama. Wekundu ukibaki juu na kiraka ni kijani, fikiria himoglobini iliyoyeyuka. Wekundu ukibaki juu na kiraka ni manjano, vitamini C ikiwa si tatizo, hiyo ni rangi ya mimea.

Jibu moja la "hakuna" lisikulaze usingizi. Jiwe halitoi damu kila siku. Rudia siku mbili zaidi, na katika siku hizo ondoa mboga zenye rangi, bakiza nyasi kavu, maji na majani ya kijani aliyokwisha kuyazoea. Wekundu ukipotea na vijiti vikabaki manjano mara tatu, sababu umeipata.

Jibu la "ipo" halikuambii damu inatoka wapi, na hapa kijiti kinafika mwisho wa uwezo wake. Kwa dume, mawazo ya kwanza ni mawe, tope la kibofu na maambukizi. Kwa jike orodha ni ndefu zaidi: ongeza uvimbe wa maji kwenye ovari, ambao ni wa kawaida sana kwa majike waliovuka mwaka mmoja, uvimbe wa mji wa mimba na maambukizi yake. Simbilisi jike hatoki damu ya mwezi. Mzunguko wake wa siku 16 hivi hauambatani na damu, kwa hiyo damu kwa jike ambaye hajazaa karibuni si ya kupuuzwa hata tone moja. Mkojo uliodondoka kwenye beseni umepita karibu na uke, na kijiti hakina namna ya kutofautisha. Daktari wa wanyama anaweza kuvuta mkojo moja kwa moja kutoka kibofuni, kupiga eksirei ambayo huonyesha vizuri mawe ya kalsiamu, na kutumia ultrasaundi kwa ovari na mji wa mimba. Peleka kijiti kilichopigwa picha sekunde ya 60, tarehe, na alichokula, vinaokoa muda.

Viraka vingine navipitia haraka. pH ni ya thamani kwa sababu moja: ikishuka hadi 5 au 6 kwa mnyama aliyepaswa kuwa na 8 au 9, na ketoni zikajitokeza, mwili wake unachoma mafuta kwa kukosa chakula. Kwa jike mwenye mimba hiyo ni hatari ya kufa, aonwe siku hiyohiyo. Angalia kwamba kipimo cha pH kifike 8.5 au 9. Kinachoishia 8 hakitakuonyesha kiwango chake cha kawaida. Protini husoma uongo kwenye mkojo wa alkali, kwa hiyo alama moja ya kuongeza (+) haina maana. Kiraka cha chembe nyeupe za damu hakiaminiki kwa wanyama, na cha nitriti, kinachotafuta dalili ya bakteria, kikikaa bila kubadilika rangi hakiondoi uwezekano wao. Uzito wa mkojo, yaani jinsi ulivyokolea, unaosomwa na kijiti nao ni wa kubahatisha. Madaktari hutumia kifaa cha kupitisha mwanga. Glukosi ikionekana mara mbili, mweleze daktari.

Kuhusu ufungashaji nina lalamiko moja. Kichupa cha vijiti 100 ni kikubwa mno kwa nyumba yenye simbilisi wawili, kwa kuwa kikishafunguliwa unyevu huanza kuvila. Nunua cha 25 au 50 kikipatikana, andika tarehe ya kufungua kwenye kifuniko, usitoe kijifuko cha kufyonza unyevu, hifadhi kati ya nyuzi 2 na 30 lakini nje ya jokofu. Kiraka cha nitriti kikiwa cha waridi kabla hujadondosha chochote, kichupa kilibaki wazi: tupa chote. Ili kujua kama kiraka cha damu bado kiko hai, dondosha tone la majimaji ya nyama nyekundu mbichi kwenye kikombe cha maji, koroga, pima. Lazima kiwe kijani. Kisha pima maji matupu kwa kijiti kingine, nacho lazima kibaki manjano. Vijiti viwili vinateketea, na majibu yote yanayofuata yanapata uzito.

Wapo wanaokata kijiti kwa urefu kupata viwili. Kwa kusoma kwa macho inakubalika, mkasi ukiwa mkavu na vidole visiguse viraka.

Kuna hali ambazo kichupa hakipaswi hata kufunguliwa. Simbilisi anayejikamua bila tone kutoka, anayelia akikojoa, aliyejikunyata manyoya yamesimama, au aliyeacha kula kwa nusu siku, anapelekwa kwa daktari mara moja. Kijiti kitakula saa ambayo hana. Na kiraka kikiwa kijani, usifungue kabati la dawa za watu: amoksilini, ampisilini, penisilini na klindamaisini za kumeza huua bakteria wema wa utumbo wa simbilisi na kuacha wale wenye sumu watawale, na mnyama aliyekuwa na kibofu kinachotibika anakufa kwa kuhara. Dawa zinazomfaa zipo, miongoni mwake zile za sulfa zilizochanganywa na trimethoprimu, kwa kipimo anachokokotoa daktari kutokana na gramu za uzito wake; basi mpime kwenye mizani ya jikoni kabla hujaondoka nyumbani.